Nani Anatia Sahihi? Namna ya Kuchambua Mamlaka ya Serikali juu ya Chuo Kikuu, Nchi kwa Nchi

Sheria nyingi za vyuo vikuu zinasema chuo kinajitawala. Sentensi hiyo peke yake haikupeleki mbali. Kinachotofautisha nchi moja na nyingine ni sahihi: ni nani ambaye asipotia sahihi mshahara haulipwi, profesa haajiriwi, programu haifunguliwi, jengo haliuzwi. Mwongozo huu unamfaa anayeandaa ushirikiano na chuo cha nje, anayefanya utafiti linganishi, au aliyepewa kazi ya kupendekeza mageuzi akaambiwa akaangalie wengine wanafanyaje.

Kwanza, serikali ipi?

Usiandike "serikali" kabla hujajua ngazi. Ujerumani elimu ya juu ni kazi ya majimbo 16, kila jimbo na sheria yake, kwa hiyo hakuna safu moja ya "Ujerumani" unayoweza kuijaza kwenye jedwali la kulinganisha utakaloandaa. Chagua jimbo, uliandike kwa jina. Canada ni hivyo hivyo kwa mikoa yake. Marekani hata jimbo moja halitoshi: University of California imewekwa ndani ya katiba ya jimbo, ibara ya 9, kifungu cha 9, ilhali California State University iko chini ya sheria za kawaida ambazo wabunge wanaweza kuzibadilisha. Majirani wawili, mlipaji kodi mmoja, kinga tofauti kabisa.

Hapo hapo andika hadhi ya kisheria ya chuo: ni sehemu ya serikali, shirika la umma lenye nafsi yake kisheria (linaloweza kuingia mkataba kwa jina lake), wakfu (taasisi inayojitegemea juu ya mali iliyotengewa kazi yake), au chuo binafsi? Vyuo vikuu vya taifa vya Japan vilikuwa sehemu ya wizara hadi tarehe 1 Aprili 2004, vilipogeuzwa kuwa mashirika yenye nafsi ya kisheria. Finland ilifanya mageuzi ya namna hiyo kuanzia 1 Januari 2010, na chuo kikuu cha Aalto kikaundwa kama wakfu. Sweden vyuo vingi vingali mamlaka za serikali, ingawa chuo kikuu cha Chalmers kilitoka mwaka 1994 na kuwa wakfu. Jambo hili lina uzito siku ya mkataba: chuo kisicho na nafsi ya kisheria hakiwezi kujifunga chenyewe, na upande wa pili wa meza unakuwa serikali, pamoja na wanasheria wake na muda wake.

Nyaraka za kukusanya

Sheria ya vyuo vikuu na hati idhini ya chuo ni mwanzo tu. Kosa la kawaida kuliko yote ni kuishia hapo, kwa sababu kamba zinazokifunga chuo huwa zimefungwa kwingine. Tafuta sheria ya fedha za umma, sheria ya ununuzi wa umma, sheria ya utumishi wa umma, sheria ya mashirika ya umma, na nyaraka za Hazina za miaka mitatu ya karibuni. Ongeza mkataba wa malengo kati ya chuo na wizara kama upo, na ripoti za mkaguzi mkuu wa hesabu. Ripoti ya ukaguzi ni hazina kubwa: hoja za wakaguzi zinakuonyesha kanuni zipi zinafuatwa kwa vitendo na zipi zimebaki kwenye karatasi.

Hakikisha pia unasoma sheria pamoja na marekebisho yake. Mabadiliko makubwa mara nyingi hupitia kwenye miswada ya marekebisho mchanganyiko, pamoja na mambo yasiyohusu elimu hata kidogo. Kenya ina Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, lakini anayeisoma ilivyochapishwa mwanzo ataikosa hatua ya 2018 iliyoiingiza Tume ya Utumishi wa Umma kwenye uajiri wa makamu wakuu wa vyuo vya umma.

Jedwali

Shirikisho la vyuo vikuu vya Ulaya, EUA, hugawa uhuru wa chuo katika maeneo manne: uongozi, fedha, watumishi na taaluma. Mgawanyo huo unafaa popote. Kila eneo liwe na maswali manne au matano, na kila swali liwe na safu sita: swali, jibu la sheria, kifungu, jibu la vitendo, nani anatia sahihi, tarehe ya kuthibitisha. Safu ya jibu la vitendo ndiyo itakayokula muda wako, na ndiyo yenye thamani.

Fedha ziangalie kwa makini zaidi. Uliza: je, ruzuku inakuja kwa jumla, chuo kikaamua matumizi, au inakuja kasma kwa kasma (fungu kwa fungu la bajeti), mishahara mbali na matumizi mengineyo mbali? Ikija kasma kwa kasma, baraza la chuo linaweza kukaa mchana kutwa likipanga vipaumbele, na bado kuhamisha fedha kutoka safari kwenda maabara kukahitaji kibali. Uliza bakaa ya mwisho wa mwaka inabaki chuoni au inarudi Hazina. Inaporudi, tegemea manunuzi ya pupa mwezi wa mwisho. Uliza nani anapanga ada, chuo kinaruhusiwa kukopa, na fedha huingia lini. Kwa hili la mwisho, weka bajeti iliyoidhinishwa kando ya fedha zilizopokelewa kila robo mwaka. Chuo chenye uhuru wote kwenye karatasi lakini kinachosubiri fedha za robo ya kwanza hadi robo ya tatu hakina uhuru wa kupanga chochote.

Majengo yana swali lake. Sweden sehemu kubwa ya majengo ya vyuo ni mali ya Akademiska Hus, kampuni ya serikali, na vyuo hulipa kodi ya pango. Ukilinganisha bajeti ya chuo kama hicho na ya chuo kinachomiliki majengo yake bila kutenga pango, hesabu zako zote zitapinda.

Usidhani pia kwamba uhuru zaidi unakuja na fedha zaidi. Japan vyuo vilipewa mamlaka ya kupanga matumizi mwaka 2004, kisha ruzuku ya uendeshaji ikapunguzwa kwa takriban asilimia moja kwa mwaka katika miaka iliyofuata. Anayependekeza mageuzi kama hayo bila kuuliza habari ya ruzuku anawatendea vibaya watakaobaki chuoni kuyatekeleza.

Kwenye uongozi, hesabu viti vya baraza kwa kuangalia nani anateua, siyo nani anatoka nje. Afrika Kusini, sheria ya 1997 inataka angalau asilimia 60 ya wajumbe wasiwe watumishi wala wanafunzi wa chuo, jambo linaloweza kumfanya msomaji wa haraka adhani serikali imejaa barazani. Lakini waziri anateua wasiozidi watano. Kisha muulizie mkuu mtendaji: Denmark, tangu sheria ya 2003, bodi yenye wajumbe wengi wa nje ndiyo inayomwajiri rekta, yaani mkuu mtendaji; Uturuki, tangu 2016, anateuliwa na rais wa nchi bila uchaguzi wa wahadhiri; China, sheria ya 1998 inamweka mkuu wa chuo cha umma chini ya uongozi wa kamati ya chama. Vyeo visikuchanganye: mkuu wa chuo katika nchi nyingi za Jumuiya ya Madola ni wa heshima na makamu wake ndiye mtendaji.

Watumishi: nani anaidhinisha ikama (idadi ya nafasi za kazi), nani anapanga viwango vya mishahara, nani anaweza kumfukuza profesa. Ajira zikihitaji kibali cha utumishi wa umma, uliza kibali huchukua miezi mingapi.

Taaluma: ithibati, yaani uthibitisho rasmi wa ubora, inatolewa na chombo cha serikali, kama Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, au na vyombo binafsi? Marekani ni binafsi, lakini mwanafunzi hapati msaada wa fedha wa serikali kuu ikiwa chuo hakina ithibati ya chombo kinachotambuliwa na wizara ya elimu. Ithibati hiyo ya binafsi ina mkono wa serikali ndani yake, kwa hiyo usiijaze "hakuna serikali".

Kulipima jedwali

Chagua maamuzi matatu ya miaka mitano ya karibuni: kupanda kwa ada, uteuzi wa kiongozi, kufungwa au kufunguliwa kwa programu. Fuata kila moja kuanzia kikao cha kwanza hadi sahihi ya mwisho, kwa kumbukumbu za seneti na baraza, taarifa za bunge na Gazeti la Serikali. Jedwali likisema jambo moja na uamuzi ukaonyesha jingine, liamini tukio, urudi kurekebisha safu.

Kumbuka pia kwamba haki mahakamani ina saa yake. Hungary ilipitisha sheria mwaka 2017 iliyokibana Central European University ya Budapest. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Oktoba 2020 kwamba masharti hayo yalikwenda kinyume cha sheria ya Umoja. Kufikia hapo chuo kilikuwa kimeshahamishia masomo yake Vienna. Kwa hiyo unapoandika "kuna ulinzi wa mahakama", andika na miaka ambayo kesi ya aina hiyo huchukua.

Alama za kila swali zitoshe tatu: 0 serikali inaamua, 1 chuo kinaamua kwa kibali, 2 chuo kinaamua peke yake. Watu wawili wajaze kila mmoja peke yake, kisha wakutane kwenye tofauti tu; tofauti nyingi hutoka kwenye 1, kwa sababu kuna kibali kinachotolewa ndani ya wiki na kibali kisichotoka kabisa. Usijumlishe maeneo manne kuwa namba moja. Chuo chenye 2 kwenye taaluma na 0 kwenye fedha hakilingani na chenye 1 kote, hata kama wastani ni uleule, na mpango wa ushirikiano utakwama mahali tofauti kabisa.

Tarehe kwenye safu ya mwisho izidi kuangaliwa kila bajeti mpya inaposomwa, kwa kuwa sheria ya fedha ya mwaka inaweza kubadilisha majibu matatu au manne kwa mara moja. Swali lililopita miezi 12 bila kuthibitishwa, futa jibu lake la vitendo na uulize upya.