Mfuko wa kumkumbuka kijana aliyefariki kwa ugonjwa wa moyo

Msichanganye michango ya maziko na mfuko wa kumbukumbu. Fungeni kwanza hesabu za msiba, waliochanga wasomewe, ndipo muanze la pili. Nilikuwa mweka hazina wa mfuko wa mpwa wangu, aliyeanguka mazoezini akiwa na miaka 17, na kwa maoni yangu kazi hiyo mzazi asipewe. Mama mfiwa atawapigiaje watu simu kuwakumbusha ahadi?

Picha lakini achague yeye. Sisi tuliipenda ya suti. Dada yangu akaikataa, akatoa ya jezi, soksi moja imeshuka. Ikapita hiyo.

Kisha amueni fedha zinunue nini. “Kupambana na ugonjwa wa moyo” ni maneno mapana mno, mtu hajui anachangia kitu gani. Ulizeni daktari aliugua nini hasa. Ikiwa ni misuli ya moyo kunenepa kwa kurithi, kama kwetu, wazazi na ndugu zake wapimwe kabla hamjatoa tangazo lolote, kwa kipimo cha umeme wa moyo na cha ultrasaundi. Mzazi mwenye kasoro hiyo, kila mtoto wake ana uwezekano wa asilimia 50 kuirithi. Hapo mfuko unafaa kununua mashine ya kushtua moyo kwa ajili ya uwanja, pamoja na mafunzo ya kukandamiza kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Tengeni na fungu la betri zake na pedi zake za kubandika kifuani, maana zina tarehe ya kuisha. Na mashine isifungiwe ofisini!

Ikiwa moyo uliharibiwa na homa ya rumatiki, ile inayofuatia maambukizi ya koo yasiyotibiwa, lipieni sindano za penisilini za kila wiki 3 au 4 kwa watoto wanaoishi na tatizo hilo. Haipendezi kwenye picha, ila inawakinga wasiugue tena.

Daftari langu lilikuwa na safu mbili, ahadi na taslimu, na mkutanoni nilisoma taslimu tu. Watia saini wawe watatu, wasitoke nyumba moja. Risiti apate kila mtu, hata aliyetoa sarafu.

Mashine ikishafungwa ukutani, watumieni wachangiaji picha yake, nakala ya risiti ya ununuzi, na jina la atakayeikagua kila wiki.