SOMO: Kubadilisha raba za kebini kwenye pikapu ya zamani

Wakuu, habari za jioni. Kila wiki naulizwa jambo lilelile: "Nimebadilisha shokapu, nimebadilisha bushi, bado gari linagonga chini ya miguu nikiingia shimoni." Naandika mara moja ili anayeuliza nimwelekeze hapa.

Kwenye pikapu za zamani kama Hilux na Nissan Hardbody, kebini (chumba cha dereva na abiria) imekaa juu ya chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, na kila inapofungiwa kuna raba. Raba ikiisha, chuma kinakutana na chuma. Utaona mlango hauingii vizuri kwenye loki, mwanya kati ya kebini na bodi ya mizigo hauko sawa kulia na kushoto, au kebini inaruka ukikanyaga breki. Kuhakikisha, ingiza mtaimbo kati ya kebini na chesisi, nyanyua taratibu, mwenzako aangalie raba. Ikiwa imepasuka au imelala kama chapati, endelea kusoma.

Raba zinapatikana kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam. Nenda na ya zamani mkononi. Kila bolti ina raba nene ya juu inayobeba uzito, raba ya chini inayozuia kebini kuruka, bushi ya chuma (kibomba kifupi bolti inamopita) katikati na washa (kisahani cha chuma chini ya kichwa cha bolti). Nunua vyote.

1. Egesha kwenye sakafu ngumu, zuia matairi kwa mawe mbele na nyuma.

2. Toa waya wa negativu kwenye betri.

3. Osha matope yote kwenye bolti.

4. Kulegeza bolti. Hapa tulia. Gari langu ni Hilux dabo kebini ya 1994, limelala miaka mingi Kigamboni, upepo wa chumvi usiku na mchana. Mara ya kwanza nilikuwa na haraka, nikavisha spana bomba refu nikavuta. Bolti ya nyuma kushoto ikazunguka, nikafurahi. Kumbe nati iliyochomelewa ndani ya sakafu ya kebini ndiyo imeng'oka, inazunguka na bolti yake. Ilibidi nitoe kiti na zulia, nikate dirisha dogo kwenye sakafu kwa grenda, nishike nati kwa spana, kisha nichomelee nati mpya. Kazi ya Jumamosi moja ikala wiki nzima.

Kwa hiyo anza siku tatu kabla. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu asubuhi na jioni. Siku ya kazi, fungua robo mzunguko, rudisha, fungua tena. Ukisikia inakuwa laini ghafla, SIMAMA, chungulia kama nati inazunguka. Na usipeleke moto wa gesi pale: juu kuna zulia, pembeni kuna mabomba ya mafuta na ya breki.

5. Kabla ya kuinua, fungua kava la feni. Rejeta (ya kupoza maji ya injini) inapanda na kebini, feni inabaki na injini. Usipolifungua, kava litakwama kwenye feni. Angalia pia mipira ya rejeta, waya wa ethi (unaounganisha bodi na chesisi au injini), kebo ya handibreki na mabomba ya breki yanayoshuka kwenye chesisi. Chochote kinachovutika, kilegeze.

6. Toa bolti za upande mmoja. Za upande wa pili zilegeze tu, zisitoke. Weka jeki chini ya ukingo mgumu wa kebini, juu yake kipande cha mbao. Ukiiweka kwenye bati la sakafu utalitoboa. Inua taratibu hadi raba itoke, kisha chomeka gogo kati ya kebini na chesisi. Vidole visiingie pale kabla ya gogo.

7. Kwangua kutu, paka redoksaidi (rangi ya kuzuia kutu), ikauke. Weka raba mpya na bushi yake. Ikigoma, tumia maji ya sabuni. Grisi na oili zinaivimbisha raba.

8. Anza bolti zote kwa mkono, rudia upande wa pili, kisha kaza zote kebini ikiwa imeshuka kabisa. Rudisha kava la feni, zungusha usukani mwisho hadi mwisho kabla ya kuwasha. Baada ya wiki kagua ukazaji.

MASWALI

Wa Mbagala: Mkuu, IST yangu inagonga mbele, hizi raba ziko wapi?

Jibu: IST haina chesisi ya kutenganishwa na bodi. Nimeandika pikapu.

Wa Tegeta: Fundi wangu anakata raba kwenye tairi bovu, anasema inadumu zaidi.

Jibu: Tairi lina nyuzi ndani, halibonyei inavyotakiwa, na unene wake haulingani. Kebini itakaa upande.

Wa Tegeta: Lakini watu wengi wanafanya hivyo.

Jibu: Na wengi ndio wanaoniandikia kwamba milango haifungi.

Dada wa Chanika: Kaka, shukrani sana. Kwa nini ununue bushi ya chuma kama ya zamani ipo nzima?

Jibu: Swali zuri, dada. Bushi ndiyo inayopima raba ibanwe kiasi gani. Unakaza mpaka washa igote kwenye bushi, hapo raba imebanwa ipasavyo. Bushi iliyoliwa na kutu ni fupi, na bila bushi kabisa utabana raba mpaka ipasuke ndani ya miezi michache. Kama ya zamani ni nzima na urefu ni sawa na mpya, isafishe uirudishe.

Dada wa Chanika: Nimeelewa. Zangu za mbele ndizo zimeisha, za nyuma bado. Nibadilishe za mbele tu?

Jibu: Badilisha zote. Mpya ni nene kuliko iliyolala, kebini itainama nyuma na mwanya wa milango utapotea. Usirekebishe bawaba kabla ya raba, utarudia kazi.

Wa Goba: Nyongeza mkuu: masika yakiisha mimi napiga maji ya presha pale raba zinapokaa. Udongo wa huku ukiganda unashika unyevu mpaka kiangazi.

Jibu: Sahihi kabisa. Na ukimaliza kuosha, pitisha waya kwenye matundu ya kutolea maji chini ya milango. Yakiziba, maji yanaozesha kona ya nyuma ya kebini, palepale nati yangu ilipong'oka.