Kuzunguka Bangkok bila kuliwa na foleni: treni, boti, boda na bajaji zao

Wadau mnaoenda Bangkok kufuata nguo soko la Pratunam au kutembea tu, kwanza sahau habari ya kukodi taksi asubuhi ikuzungushe mpaka jioni, utakaa hapo barabara ya Sukhumvit unaangalia pleti namba ya gari la mbele mpaka uikariri na mita inaendelea kula. Kule mtu anaunga. Treni kidogo, boti kidogo, boda ya kumalizia.

Ukitua Suvarnabhumi kuna watu watakufuata "taxi taxi", wapite, shuka mpaka chini kabisa ya jengo kwenye treni ya uwanja wa ndege, nauli yake haizidi baht 45 (baht ndio hela yao). Wa Pratunam shuka Ratchaprarop, hapo soko ni la miguu, wengine endeleeni mpaka mwisho Phaya Thai muunge na treni ya mjini ya BTS. Una mabegi matatu na mtoto? Haya, panda taksi, ila ile ya foleni rasmi yenye mashine ya kutoa tiketi. Mita inaanza baht 35, juu yake kuna 50 ya uwanja, na mkipita barabara ya juu ya kulipia hiyo unalipa wewe, sio dereva, usije ukaanza kugombana.

Treni za mjini sasa. BTS ndio ile inayopita juu kwenye nguzo, ipo toka 1999, MRT ya chini ya ardhi ikaja 2004, na wageni wengi wanaingia cha kike hapa: hizo ni mbili tofauti, tiketi ya huku haifanyi kazi kule, na vituo vinavyogusana vingi vina majina tofauti. Asok ya BTS na Sukhumvit ya MRT ni palepale ila unatoka getini unalipa upya. Kwa BTS nunua kadi ya Rabbit, ile unayoijaza hela. MRT unagusisha tu kadi yako ya benki ya Visa au Mastercard, au unanunua tokeni nyeusi ya plastiki kama kifungo cha koti, kuingia unaigusisha, kutoka unaitumbukiza, kwa hiyo usiichanganye na chenji. Na saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni wimbo wa taifa unapigwa vituoni, watu wote wanasimama ghafla, na wewe simama.

Mimi lakini mapenzi yangu yako kwenye boti za mfereji wa Saen Saep. Hazina mbwembwe, ni daladala ya majini, zinabeba watu wa kazini. Boti inakuja mbio inagusa gati sekunde chache, unashika kamba unaruka ndani, konda kavaa helmeti anatembea ukingoni kwa nje akikusanya nauli huku madaraja yanapita karibu na kichwa chake, kwa hiyo shika chenji mkononi, usimtolee noti kubwa. Ukikaa pembeni ujue umepewa kazi, kuna turubai lenye kamba na boti nyingine ikipishana na nyie wewe ndio wa kulivuta juu. Siku ya kwanza sikujua hilo, nipo bize na simu, maji meusi yale yakanivaa mimi na mama wa nyuma yangu na mboga zake zote, jicho alilonipa sijalisahau. Pratunam wote wanashuka wanahamia boti nyingine, fuata watu tu, ukienda magharibi unaishia Phan Fa Lilat karibu na hekalu la Wat Saket.

Mto wenyewe, Chao Phraya, shuka BTS Saphan Taksin, gati la Sathorn liko chini yake. Angalia bendera. Ya chungwa ndio ya wananchi, mara ya mwisho nilipanda kwa baht 16, ya bluu ni ya watalii na bei yake ya kitalii, na ndio utakayoitiwa kwa sauti kubwa. Tha Tien unashuka kwa ajili ya hekalu la Wat Pho, halafu kuna kivuko cha bei chee cha kwenda ng'ambo hekalu la Wat Arun. Humo botini viti vya watawa wa Kibuddha waachie, na dada zangu msimguse mtawa hata kwa kumpisha.

Boda wapo kwenye kijiwe mdomoni mwa kila mtaa, wamevaa vizibao vya chungwa, wengi wana kibao cha bei, wewe omba helmeti tu. Tuktuk ni bajaji yenye makelele, panda mara moja upige picha, ila patana bei kabla hujakaa, na dereva akikwambia Grand Palace, kasri la wafalme, leo imefungwa ngoja akutembeze kwa hela kiduchu, jua safari inaishia duka la vito au la fundi suti. Mimi niliishia la suti. Nilikunywa soda yao nikaondoka.

Siku ya kurudi mzigo mkubwa waachie watu wa kagoo wa palepale Pratunam, na kama ndege ni ya usiku ondoka hotelini kabla ya saa kumi jioni, maana kuanzia saa kumi na moja barabara ni foleni tupu na ndani ya treni begi lako halina pa kusimama.