Metformini na ini la panya: namna ya kuusoma utafiti kabla ya kuuamini

Nimekaa maabara miaka mingi nikitunza panya, nikiwatoa damu na kukata maini yao vipande vyembamba vya kuwekwa chini ya hadubini. Mtu akiniletea utafiti unaosema metformini, dawa ya kisukari, inalinda ini dhidi ya sumu, muhtasari nauruka. Nafungua sehemu ya mbinu na kuangalia saa: dawa ilitangulia sumu au ilifuata?

Mara nyingi utakuta panya alinyweshwa metformini siku kadhaa ndipo akadungwa sumu. Hiyo ni kinga, wala si tiba, na nani anajua mapema siku atakayokutana na sumu? Kama dawa ilifuata, tafuta ilifuata baada ya saa ngapi. Dakika thelathini na saa kumi na mbili ni habari mbili tofauti kabisa.

Kisha itazame sumu yenyewe. Kwa kawaida ni kaboni tetrakloridi iliyochanganywa na mafuta ya zeituni, au parasetamoli kwa kipimo kikubwa. Hapa usiwe na haraka, maana ndipo wengi wanapoteleza. Sumu hizi mbili huiva ndani ya ini lenyewe. Kimeng'enya kiitwacho CYP2E1 huigeuza kaboni tetrakloridi kuwa chembe kali zinazoharibu mafuta ya utando wa seli. Parasetamoli nayo hugeuzwa kuwa NAPQI, sumu ambayo huimaliza glutathioni, ngao ya seli. Sasa fikiria dawa inayokizima tu kimeng'enya hicho. Ini litatoka salama, lakini dawa haikuponya kitu. Sumu haikupikwa, basi. Hata kiyeyushio kinaweza kuleta hila hiyo: DMSO, inayotumika sana kuyeyushia dawa, hukizuia kimeng'enya hichohicho. Kwa hiyo hakikisha kundi la sumu peke yake nalo lilipewa kiyeyushio kilekile, na kwamba watafiti walipima CYP2E1 au glutathioni saa za mwanzo.

Sisemi metformini haina lolote. Inapunguza kasi ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli, na kuamsha AMPK, swichi inayoiambia seli ibane matumizi ya nishati na iache kutengeneza mafuta. Sababu ya kuijaribu ipo.

Kwenye ALT na AST, vimeng'enya vinavyovuja kutoka seli za ini na kuingia kwenye damu ini likiumia, usishangilie mshale ulioshuka. Siku moja nilivuta damu kwa pupa kwa sindano nyembamba, na baada ya kuizungusha kwenye mashine seramu, yaani majimaji ya damu yanayobaki juu, ikatoka rangi ya waridi badala ya manjano hafifu. AST ya panya huyo ikapaa, na sumu hakuonja hata tone! Chembe nyekundu zilikuwa zimepasuka, nazo zina AST yake. Tangu hapo nikiona AST imepanda huku ALT imetulia, naanza kwa kuishuku sindano.

Ndiyo maana lazima uone picha ya kipande cha ini. Tafuta mshipa wa kati. Sumu hizi huanzia hapo kwa sababu CYP2E1 imejaa huko: utaona pete ya seli zilizopauka, nyingine zimepoteza kiini, wakati zile za pembezoni ziko imara. Kama pete imepungua kweli, na aliyeipima hakuambiwa kipande kimetoka kundi gani, namba za damu zimepata shahidi.

Kipimo cha dawa nacho kipigie hesabu, ujue kingekuwa kiasi gani kwa mtu. Miligramu za panya mkubwa wa maabara kwa kila kilo zigawe kwa 6.2, za panya mdogo kwa 12.3. Panya mkubwa akipewa miligramu 300 kwa kilo, kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni kama gramu 2.9 kwa siku, wakati kiwango cha juu kwa wagonjwa huwa gramu 2 hadi 2.5 hivi. Akipewa 100, unapata gramu moja isiyotimia, na hapo angalau mnazungumza lugha moja.

Na kama umefika kwenye utafiti huu kwa sababu mtu wako amemeza parasetamoli kupita kiasi, weka karatasi chini umpeleke hospitali sasa hivi, hata kama anasema yuko sawa. Dawa yake ni asetilisisteini, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8. Metformini usimpe: ini lililozidiwa hushindwa kuondoa asidi ya laktiki, na dawa hiyo inaweza kuizidisha.