Jinsi ya kusoma kaburi la kale kabla hujainua mfupa

Kila anayekuja kujitolea kwenye uchimbaji kwa mara ya kwanza anatamani kushika mfupa. Namwelewa. Lakini mfupa ulioinuliwa kabla ya kusomwa pale ulipolala umepoteza nusu ya habari zake, na hazirudi. Kwa hiyo hatua nyingi hapa chini ni za kutazama tu.

Hatua ya 1: Ruhusa

Tanzania kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na Kenya Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006. Kibali cha serikali hakitoshi: nenda kwa wazee wa mahali, kaa nao, waeleze mtachimba nini na mabaki yataishia wapi. Ukikutana na mifupa wakati unachimba msingi wa nyumba, simama, ifunike, kisha toa taarifa polisi na kwa ofisi ya mambo ya kale.

Hatua ya 2: Lisome shimo

Shimo likichimbwa na kufukiwa, udongo wake haufanani tena na wa pembeni. Kwangua taratibu kwa mwiko wa fundi, nyunyiza maji kidogo, utaona mpaka wa rangi. Uchore na uupige picha kabla ya kushuka hata sentimita moja.

Mpaka huo ndio ulioleta habari kubwa kutoka pango la Panga ya Saidi, Kilifi. Kiasi cha mita 3 chini ya sakafu ya pango, wachimbaji waliona shimo, na ndani yake mifupa iliyooza kiasi kwamba ukiigusa inageuka vumbi. Hawakuinua mmoja mmoja. Walilifunga bonge zima kwa plasta, likapelekwa Makumbusho ya Taifa Nairobi, kisha maabara ya Burgos, Hispania. Huko meno ndiyo yaliyothibitisha kuwa ni binadamu: mtoto wa miaka 2 na nusu hadi 3, aliyezikwa miaka 78,000 hivi iliyopita. Watafiti walimpa jina la Mtoto.

Hatua ya 3: Usome mlalo

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Mtoto alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Mfupa wa mtulinga na mbavu za juu vilikuwa vimebanwa namna ya mwili uliofungwa kwa kitu, labda ngozi au majani. Kichwa nacho kilikuwa kimeinama na kuzama kwenye nafasi tupu. Kilichokuwa chini yake kilioza, kichwa kikashuka. Watafiti wanaona alikuwa amewekewa kitu mfano wa mto. Huo mto haupo, hakuna aliyeuona, ila shingo inautaja. Kila nikifikiria mtu aliyeinama pangoni akamwekea mwanawe mto, nashindwa kuendelea kuandika kwa dakika kadhaa.

Kwenye makaburi ya miji ya Waswahili, mlalo unataja dini. Pwani yetu Makka iko kaskazini, basi maiti wa Kiislamu hulazwa ubavu wa kulia, kichwa mashariki, uso kaskazini. Angalia pia kama kuna mwanandani, yaani nafasi ndogo ya kulazia maiti ndani ya kaburi, na alama za kiunza, mbao za kumfunika. Pasipokuwa na udongo uliobana mwili, mifupa huporomoka taratibu mahali palipo wazi. Ukijua hilo hutadhani kaburi limefukuliwa.

Hatua ya 4: Sasa mifupa

Anza na nyonga. Kwa mtu mzima, pembe pana mbele na pengo pana nyuma kwa kawaida ni mwanamke. Kwa mtoto usikisie jinsia kwa macho. Umri wa mtoto uulize meno: gego la kwanza la kudumu huota karibu na miaka 6, la pili karibu na 12.

Kisha chukua lenzi utazame meno ya mbele. Mstari mwembamba uliokatiza jino, unaousikia hata kwa ukucha, ni kipindi ambacho mtoto aliumwa au alikosa chakula na jino likasimama kukua. Mfupa hujijenga upya, jino halisahau. Vitundu kwenye paa la tundu la jicho huashiria upungufu wa damu. Malaria ni mshukiwa, minyoo na lishe duni vilevile. Usimtaje mmoja kwa uhakika.

Hatua ya 5: Vitu, na mahali vilipokuwa

Msimu mmoja msaidizi wangu aliokota ushanga mwekundu akaniletea kiganjani, amefurahi. Nilimuuliza ulikuwa shingoni, kiunoni au kwenye udongo wa juu. Hakukumbuka. Shingoni ungekuwa mkufu, kiunoni ungekuwa utunda, kwenye udongo wa juu ungekuwa wa mpita njia. Ulibaki ushanga tu. Kosa lilikuwa langu, sikumfundisha mapema.

Kaburi la Kiislamu kwa kawaida halina vyombo ndani, kwa hiyo tazama juu yake. Kunduchi, Dar es Salaam, wajenzi walipachika bakuli za Kichina kwenye nguzo za makaburi. Kwenye magofu ya Gede, Kenya, kuna kaburi lililoandikwa mwaka wa Hijria 802, yaani 1399.

Hatua ya 6: Maabara

Kaboni ya mfupa hutenganisha mla mchele na mla mtama. Nitrojeni huonyesha kama alikula samaki. Strontiamu, madini yaliyomo kwenye jino, hueleza alikokulia. Kupima umri kwa kaboni 14 huishia miaka 50,000 hivi, ndiyo maana umri wa Mtoto ulipimwa kwa mwanga uliohifadhiwa kwenye chembe za mchanga. DNA ya watu 80, iliyochapishwa 2023, ilionyesha kuwa wengi wa waliozikwa miji ya pwani walikuwa na asili ya Kiafrika hasa upande wa mama, na upande wa baba sehemu kubwa ilitoka Uajemi, kuchanganyika kukianza karibu na mwaka 1000.

Hatua ya 7: Kurudisha

Katika kazi hiyo ya DNA, mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba alichukua sampuli na kuzika tena mabaki ndani ya msimu uleule. Fanya hivyo inapowezekana: mlalo uleule, uso kaskazini, na wazee wa mtaa wakiwa wamesimama ukingoni wakisoma dua.