Mlango wa maktaba ya shule: migongo ya vitabu inayomfikisha mtoto rafuni

Ninatunza maktaba ya shule ya msingi hapa Tanga, na walimu wa shule jirani wakiniita niwasaidie kupamba mlango wa maktaba yao kwa migongo ya vitabu ya karatasi, huanza kwa kuwauliza: rafuni mna vitabu gani? Wengi hutegemea nianze na habari za rangi. Mimi naona mlango uliochorwa vitabu ambavyo ndani havimo unamdanganya mtoto. Mtoto akisimama nje akanyoosha kidole kwenye mgongo mwekundu wenye picha ya kichwa cha chui, anakitaka kitabu hicho, na anakitaka sasa hivi. Basi kila mgongo unaobandika uwe na kitabu chake ndani, na uandikwe namba ileile iliyobandikwa kwenye kitabu. Hapo mlango unakuwa katalogi, yaani orodha ya vitabu vilivyomo, ambayo hata mtoto wa Darasa la Kwanza anaweza kuitumia.

Usibandike karatasi moja kwa moja kwenye mbao. Huku pwani unyevu hauna huruma, na masika ikiingia mwezi wa tatu karatasi zinajikunja pembeni na solotepu inaachia. Mbaya zaidi, ukija kuibandua inatoka na rangi ya mlango, kisha unaulizwa nani atapaka upya. Tumia kitambaa cha marekani. Kinapatikana kwa wauza vitambaa, hakina gharama kubwa, na gundi inakishika vizuri. Kazi yote unaifanya juu ya meza, watoto wamezunguka, ndipo unakipachika mlangoni kwa pini. Siku mlango unapakwa rangi, unakishusha na kukiviringisha kama mkeka.

Pima mlango kwa futi kamba. Tuchukue mlango wa sentimita 200 kwa 80. Chini acha sentimita 15 tupu, kwa sababu hapo ndipo maji ya deki na miguu inapofika. Juu acha 10 za kuandikia jina la maktaba. Zinabaki 175, ambazo zinakupa rafu 5 za sentimita 35 kila moja: 4 za ubao wa rafu, uliokatwa kwenye manila ya kahawia, na 31 za vitabu. Pembeni acha sentimita 3 kila upande, hasa upande wa bawaba, la sivyo kitambaa kitabanwa kila mlango unapofungwa. Sehemu ya kitasa itoboe mapema, ukiwa bado mezani, na ukingo wa tundu ukunje kwa nyuma ushone ili usichanike.

Gundi ya dukani inafaa, ila kwa kazi kubwa kama hii mimi napika ya unga wa ngano. Kikombe kimoja cha unga kwa vikombe vinne vya maji. Koroga unga kwa maji baridi kidogo mpaka madonge yaishe, mimina kwenye maji yaliyobaki yakiwa yanachemka, na usiache kukoroga mpaka iwe nzito na ing'ae. Ikiwa bado ya moto tia kijiko kidogo cha shabu iliyosagwa. Shabu inaichelewesha kuoza. Paka nyembamba: gundi ikiwa nyingi, karatasi inavimba na mende wanaifuata.

Sasa migongo yenyewe. Ukikata vipande bapa na kuvibandika, mlango utaonekana kama chati ya darasani. Uhai wa mlango uko kwenye uvimbe. Kwa mgongo wa sentimita 5, kata manila yenye upana wa sentimita 10. Piga mstari sentimita 2 kutoka kila ukingo, pitisha ncha ya mkasi kwa rula bila kukata, kisha kunja kingo zote mbili kwa nyuma. Katikati zimebaki 6. Paka gundi kwenye zile kingo, na unapobandika sukuma mikunjo isogeleane mpaka iachane sentimita 5 tu. Uso wa karatasi utajibinua wenyewe kuja mbele, na ukiupitishia kidole utasikia kabisa kuwa ni mgongo wa kitabu. Shikilia mpaka gundi ishike. Changanya urefu, kati ya sentimita 20 na 29, na upana pia. Kitabu kimoja au viwili katika kila rafu vilaze ubavu juu ya vingine, kingine kiegemee. Rafu iliyopangwa sawasawa kabisa haifanani na rafu inayosomwa.

Maandishi yashuke kutoka juu kwenda chini, kama yalivyo kwenye vitabu vingi vinavyochapishwa kwetu. Kama mna vitabu vya Kifaransa, vitazame kwanza, maana wao mara nyingi huandika kutoka chini kwenda juu. Chini kabisa ya mgongo bandika kijikaratasi cheupe chenye namba. Shule nyingi hutumia mpangilio wa Mmarekani Melvil Dewey, unaopa kila somo namba yake, uliotoka mwaka 1876: hadithi za jadi 398.2, wanyama 590, kilimo 630, michezo 796, fasihi ya Kiswahili 896.392, historia ya Tanzania 967.8. Kila mamia yawe na rangi yake, na rangi hiyohiyo uibandike kwenye rafu ya ndani. Mtoto asiyejua bado kusoma namba ataifuata rangi.

Kuhusu nani akae wapi, mimi sifuati mfuatano wa namba kutoka juu hadi chini. Hadithi na wanyama nawaweka kwenye rafu ya tatu na ya nne kutoka juu, mbele ya macho ya wadogo. Kamusi na vitabu vya rejea vinakaa juu, walimu wataviona.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote: usiujaze mlango siku ya kwanza. Rafu moja ya sentimita 74 inabeba migongo kama 14, kwa hiyo mlango mzima unakaribia 70. Weka 20 hivi, nafasi nyingine ziache wazi. Mtoto akimaliza kitabu akaja kukusimulia kilichomo, mpe manila na mkasi atengeneze mgongo wake na aubandike mwenyewe. Utaona foleni. Hata wale waliokuwa wakipita mbio kwenda uwanjani watasimama kuuliza mgongo wa fulani ni upi. Usiwasahihishie mwandiko, ilimradi jina la kitabu na namba viko sawa.

Rafu mbili za chini zifunike kwa nailoni ya kufunikia madaftari, mikono midogo ina mafuta ya maandazi. Mlango wa chuma haupokei pini, kwa hiyo shona pindo juu ya kitambaa, pitisha fimbo nyembamba, na ufunge kamba kwenye misumari miwili iliyopigwa kwenye ukingo wa juu wa mlango, kama mlango wenyewe una fremu ya mbao. Kama fremu nayo ni chuma, mwombe fundi achomelee vikulabu viwili kwenye mlango wenyewe.

Kila likizo pitia kingo zilizoachia uzirudishie gundi, na kitabu kilichopotea au kuchanika toa mgongo wake mlangoni siku hiyohiyo.