Somo: kupiga hesabu ya umbali na masaa ya ndege, mfano Nairobi mpaka New York

Wakuu, kila mara naulizwa Nairobi–New York ni masaa mangapi, nikisema 15 mtu anafungua tiketi yake anaona anatoka saa tano na nusu usiku anafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ananiambia mbona masaa saba tu. Haya, chukua kalamu.

Kwanza umbali. Ramani ya ukutani achana nayo, inadanganya. Tafuta lile tufe la shuleni, shika uzi, ncha moja Nairobi nyingine New York, uvute mpaka ukaze. Utashangaa hauendi magharibi moja kwa moja, unapanda kaskazini magharibi, unakatiza Sahara, ukifika juu ya Atlantiki unakuwa kaskazini kuliko New York yenyewe ndo unashuka. Huo uzi ni kama kilomita 11,840. Ukikuta wameandika maili 7,360 ni kitu kile kile.

Pili gawanya hizo kilomita kwa 900, ndo spidi ya kawaida (kilomita kwa saa) ya hizi Dreamliner, yaani ndege za Boeing 787. Unapata masaa 13 na dakika kama kumi, weka kama saa moja ya kupaa, kushuka na kuzungukazunguka uwanjani. Halafu upepo. Huko juu kuna upepo mkali unatoka magharibi kwenda mashariki, kwenda unakupiga usoni, kurudi unakusukuma mgongoni, ndo maana kwenda ni kama masaa 15 na kurudi kama 14.

Tatu saa za tiketi, hapa ndo wengi wanapotelea. Usijumlishe kitu kabla hujageuza saa ya kuondoka iwe ya kule unakoenda. 23:30 Nairobi, toa 8 (majira ya baridi), New York ni 15:30. Sasa jumlisha 15, inakuja 6:30 asubuhi. Basi.

MASWALI

Swali: Mkuu mbona shemeji yangu kule anasema tunapishana masaa 7 sio 8?
Jibu: Nyote mko sawa. Wamarekani wanasogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, sisi hatugusi saa. Kwahiyo angalia tarehe ya safari.

Swali: Tiketi imeandikwa tarehe 15 saa 00:40, naenda uwanjani lini?
Jibu: Usiku wa tarehe 14!! Hiyo ni saa sita na dakika 40 usiku, ukienda tarehe 15 jioni umeachwa. Binamu yangu alifika na mabegi yake matatu na ukoo mzima wa kumsindikiza, ndege ishaondoka usiku wa kuamkia siku hiyo.

Swali: Mimi natokea Dar, nimeambiwa masaa 22, ndege gani hiyo inatambaa?
Jibu: Haitambai, Dar–Nairobi angani ni saa moja na kidogo tu, Nairobi–New York ni yale 15, yanayobaki unakaa Nairobi unasubiri ndege ya kuunganisha. Beba sweta.

Swali: Kwani hiyo ndege ya moja kwa moja Nairobi–New York ilianza lini?
Jibu: Kenya Airways walianza Oktoba 28, 2018. Kabla ya hapo ilikuwa lazima ubadilishe ndege njiani, Ulaya, Uarabuni au hapo Addis.